Kujitolea kuchimba kaburi la kale huku pwani: mwongozo kamili kwa watu wa Mombasa

Watu wengi huku kwetu wakisikia akiolojia akili yaenda Fort Jesus, Gede, Jumba la Mtwana, basi, yaani kuta za mawe na misikiti ya zamani. Lakini ukishika barabara ya Malindi ukaingia ndani kule vilima vya chokaa vya Kilifi, kama kilomita 15 hivi kutoka baharini, kuna pango laitwa Panga ya Saidi na ndani yake lilipatikana kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu, alizikwa kama miaka 78,000 iliyopita. Elfu sabini na nane, si typo. Ndio kaburi la binadamu la zamani zaidi linalojulikana Afrika nzima na watafiti wakampa jina Mtoto. Tangu habari hiyo itoke Mei 2021 vijana wanauliza maswali yale yale, mtu anaingiaje kazi kama hii, lazima uwe na digrii, kuna pesa, si haramu kuchokora makaburi. Nayajibu yote hapa chini moja moja.

Kwanza elewa unaenda kufanya nini, maana wengi wanaenda na picha ya sinema vichwani. Huendi kutafuta vitu. Unaenda kuandika vitu vilikuwa wapi. Chukua huyu Mtoto: watafiti wanasema alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa mpaka kifuani, mwili umefungwa kwa kitu kama sanda na kichwa kimewekwa juu ya kitu kama mto. Sasa hiyo sanda haikuonekana hata uzi, na huo mto umeoza zamani sana hakuna alama. Wamejuaje? Kwa vile mifupa ilivyokaa tu. Mabega na mbavu za juu zilikuwa zimebanwa kwa namna ambayo mwili usingebanwa kama haungefungwa, na fuvu na pingili za shingo zilikuwa zimeinama vile kichwa huinama kitu cha chini yake kikioza. Angekuja mtu na jembe akatoa ile mifupa akaiweka kwenye ndoo, mifupa ingekuwa ile ile lakini sanda na mto vingepotea milele. Hiyo ndio kazi yote, ukiielewa hapo mengine yote utayashika rahisi.

Hatua ya 1: usichimbe mwenyewe

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wameona vigae vya vyungu vya kale na mawe yaliyochongwa shambani kwao wakaanza kufukua. Kenya kuna sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na kuchimba sehemu ya kale bila leseni ni kosa la jinai, hata kama shamba ni lako na title deed unayo. Ukikutana na kitu wakati unachimba choo au msingi wa nyumba, simamisha kazi, piga picha hapo hapo kilipo bila kukisogeza, funika na turubai, halafu peleka habari makumbusho. Kama ni mifupa ya mtu na hujui ni ya lini, anza na polisi na chifu, kwa maana inaweza kuwa kesi ya juzi tu. Mafundi wengi wanaogopa kusema wakidhani watanyang'anywa plot, sasa kuficha ndio kunaleta shida kubwa zaidi baadaye.

Hatua ya 2: pa kuingilia

Uchimbaji wowote halali hapa nchini lazima uwe na mkono wa Makumbusho ya Taifa, hata wakija wazungu na mashine zao. Ile kazi ya Panga ya Saidi kwa mfano ilianza 2010 kwa ushirikiano wa makumbusho yetu na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, na mmoja wa wakuu wake upande wa Kenya ni Dkt. Emmanuel Ndiema. Kwa hivyo sisi wa Mombasa mlango wetu ni pale Fort Jesus. Nenda siku ya kazi asubuhi, usiende Jumamosi mchana wakati watalii wamejaa, uliza watu wa akiolojia wa pwani, jitambulishe vizuri. Beba barua fupi ya ukurasa mmoja na kopi ya kitambulisho.

Kwenye barua andika mambo ya maana: unaishi wapi, unaongea lugha gani (Kigiriama, Kiduruma, Kidigo, hizo ni mali kweli kweli, ziandike mwanzo kabisa), unapatikana miezi gani, na unaweza nini kwa mikono. Useremala andika. Kuchora andika. Kupiga picha, kuendesha gari, kupikia watu wengi, yote andika. Kambi ya uchimbaji inahitaji mpishi kuliko inavyohitaji mtu wa tano wa kusema anapenda historia. Digrii si lazima kwa volontia, wanataka mtu mwenye subira na mwandiko unaosomeka.

Usikate tamaa wakikwambia kwa sasa hakuna. Uchimbaji huja kwa msimu, pesa zikipatikana na leseni ikitoka, na katikati hapo kuna kazi za ndani ambazo hazina foleni, kama kuosha vigae, kupanga masanduku, kuandika lebo upya zile zilizofutika. Mtu aliyekaa nao kwenye kazi hizo za kuchosha ndiye anayepigiwa simu msimu ukifika. Kama una hamu ya kusomea kabisa kuna field school kama ile ya Koobi Fora kule Ziwa Turkana, lakini hizo ni masomo na huwa zina ada, kwa hivyo usizichanganye na kujitolea.

Kuhusu pesa. Kujitolea ni kujitolea, hulipwi mshahara. Lakini uliza wazi kabla hujasafiri: nauli ni ya nani, chakula cha mchana kipo, mnalala wapi, mtu akiumia nani anampeleka hospitali. Kuuliza si tamaa. Na kuna jambo watu hawalisemi, kwenye site nyingi vijana wa kijiji wanaajiriwa kama vibarua kwa siku, na hiyo ndio riziki yao ya msimu. Usiende wewe wa mjini na bidii zako ukachukua bure kazi ambayo mwenzako angelipwa. Ukiona unawekwa kwenye nafasi ya kibarua, uliza. Mimi naona project inayotumia volontia ili isilipe wanakijiji haifai hata ikiwa na watafiti wakubwa namna gani.

Hatua ya 3: wazee kwanza, shimo baadaye

Hapa ndipo nataka nikae kidogo. Panga ya Saidi si pango tupu lililokuwa linangoja wanasayansi, ni mahali ambapo watu wa pale wanaenda kuomba mpaka leo. Misitu ya kaya za Mijikenda, yaani vijiji vyao vya kale msituni, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2008 lakini wazee hawakungoja orodha ndio wajue ni patakatifu. Kwa hivyo kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa kutakuwa na kikao, pengine na dua au tambiko la kuomba ruhusa, na wewe volontia utakuwepo. Kaa. Sikiliza. Vua viatu ukiambiwa uvue. Kama dini yako haikuruhusu kushiriki jambo fulani, mwambie kiongozi wa timu mapema kwa faragha, ukae pembeni kwa heshima, hakuna atakayekulazimisha, ila usisimame pale ukikunja uso au kurekodi na simu.

Amkia watu ipasavyo. Ukienda kwa babu wa kaya huanzi na "niaje", unanyenyekea, shikamoo, unaulizia hali ya nyumbani, mvua, mahindi, halafu ndio mnafika kwenye habari. Kina mama nao wapewe salamu zao, wao ndio mara nyingi wanajua wapi kuna vigae vimetapakaa maana wao ndio wanaolima. Vaa heshima pia, kina dada leso kiunoni au kwenye mkoba haikosi kazi, akina kaka kikoi au suruali ndefu, kaptura ubaki nayo kambini.

Na ukiona wazee wanakutazama kwa jicho la shaka, wana sababu. Vigango, zile nguzo za kuchongwa ambazo Wagiriama wanawasimamishia wazee waliofariki, viliibwa vingi sana vikauzwa kwa watalii na vikaishia makumbusho za Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa baada ya mvutano mrefu, vingine bado viko huko. Sasa mtu ambaye kigango cha babake kilibebwa usiku, ukimwambia "sisi twachukua mifupa kidogo tu kwa utafiti" atakuelewaje? Swali la mifupa inaenda wapi, inarudi lini, nani atawaletea majibu, lijibiwe kwenye kikao kile na kiongozi wa utafiti, si wewe. Ukiulizwa wewe sema "hilo nitamwita mkubwa akujibu" na umwite kweli. Usitoe ahadi ambayo huna uwezo nayo.

Kuhusu kama ni haramu, nimesikia mashekhe na wachungaji wakitofautiana. Mimi nisemacho ni kwamba makaburi yenye wenyewe wanaojulikana hayaguswi bila ridhaa yao, na site nyingi zinachimbwa kwa sababu mmomonyoko, ujenzi au machimbo ya mawe yatayala hata hivyo. Uliza kiongozi wako wa dini kabla, uende na moyo mweupe.

Hatua ya 4: mkoba

Viatu vilivyofungwa mbele, chokaa inakata kama wembe. Kofia, shati la mikono mirefu, chupa mbili kubwa za maji, penseli kadhaa, daftari gumu, marker pen isiyofutika, tochi ya kichwani, glavu, barakoa nzuri, pedi ya kupigia magoti (godoro kuukuu ukilikata kipande latosha kabisa), dawa zako mwenyewe na ya mbu. Mwiko wa fundi mwashi mdogo, ule wa inchi nne. Ukiweza choma sindano ya pepopunda kabla. Acha manukato nyumbani, acha pete na bangili pia.

Msimu mzuri ni kaskazi kuanzia Januari na ule wakati wa kusi masika yakishaisha. Masika yenyewe hakuna kazi, shimo linajaa maji na barabara za ndani zinakatika.

Hatua ya 5: shimoni

Siku ya kwanza hutachimba, utavuta kamba. Eneo linagawanywa miraba, sana sana ya mita moja kwa moja au mbili kwa mbili, vigingi kwenye pembe, uzi, pima maji na timazi, vitu ambavyo fundi yeyote wa Kisauni anavijua. Kuna pointi moja haisogezwi kamwe, vipimo vyote vya kina vinatoka hapo, kwa hivyo usiikanyage wala kuning'iniza koti lako juu yake.

Halafu mnashuka taratibu, sentimita chache chache, mkifuata matabaka ya udongo. Mwiko hauchomwi chini kama kisu. Unaulaza, unavuta kuelekea kwako na ule ukingo wake, unakwangua, udongo unabaki tambarare na safi. Sababu ya usafi wote huo ni rangi. Aliyechimba kaburi zamani alitoa udongo wa matabaka mawili matatu akaurudisha umechanganyika, kwa hivyo ule wa ndani ya kaburi huwa tofauti kidogo na wa pembeni, pengine mweusi zaidi, pengine umelegea, mwiko unaingia bila sauti wakati pembeni unakwaruza. Wakati mwingine tofauti haionekani jua likiwa utosini, rashia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia au ngoja jioni kivuli kikija, utaona duara limejichora lenyewe chini. Ukiliona tu simama, usiufukuzie ule mpaka na mwiko ukidhani unasaidia. Ita msimamizi.

Udongo wote unaotoka unaingia ndoo, ndoo ina lebo, inaenda kwenye chekeche. Huko ndiko volontia wapya huanzia na wengi wanapadharau, lakini kwa maoni yangu ndipo unapojifunza haraka zaidi. Vumbi likishapita unabaki na kokoto, mizizi, konokono, vipande vya chokaa, na katikati yao ushanga mdogo kuliko punje ya mtama au jino la panya. Panga ya Saidi ilitoa shanga za zamani sana, na vitu vya ukubwa huo huvioni shimoni hata uwe na macho ya mwewe. Tandaza udongo upate tabaka moja la kokoto, pita mstari kwa mstari toka kushoto kwenda kulia, geuza, pita tena. Mfupa ni mwepesi kuliko jiwe la ukubwa ule ule na ukitazama pale ulipovunjika una vitundu vitundu, mzizi ukiukunja unapinda, chokaa ni baridi na nzito. Kuna wazee wa kazi watakwambia gusisha ulimi, mfupa wa zamani unanata. Kweli unanata, lakini kwenye site ya maziko tafadhali, huyo ni mtu, na mate yako yaharibu vipimo vya DNA.

Lebo ndio uhai wa kila kitu. Jina la site, mraba, tabaka, kina, tarehe, herufi za jina lako, uandike kwenye mfuko na kwenye karatasi ndogo ya ndani pia, ya ndani uandike na penseli maana wino unayeyuka unyevu ukiingia. Mfuko usio na lebo jioni unatupwa hata kama una dhahabu, hauna pa kuwekwa.

Makaa usiyashike na vidole, chukua na koleo ndogo uyaweke kwenye foili. Yanapimwa kaboni kujua umri, ingawa kipimo hicho kinafika kama miaka 50,000 tu nyuma, kaburi la Mtoto lilikuwa nje ya uwezo wake ikabidi watumie kipimo cha chembe za mchanga, ambacho kinahesabu muda tangu chembe hizo zione mwanga mara ya mwisho. Ndio maana ukiona wataalamu wanapigilia mabomba ya chuma ukutani mwa shimo na kuyafunga na plastiki nyeusi, usichungulie na tochi. Mwanga kidogo tu waweza kuharibu habari yote.

Hatua ya 6: mfupa ukitokea

Weka mwiko chini. Usivute, usifute na kidole, usimwagie maji, usipige kelele mpaka kijiji kizima kije. Inua mkono umwite msimamizi na ubaki ulipo, kwa sababu ukiruka ruka pembeni ya shimo unaweza kuangusha ukuta juu ya kitu chenyewe.

Baada ya hapo kazi inabadilika mwendo kabisa. Chuma kinaondoka, vinakuja vijiti vya mianzi, brashi laini za rangi, pampu ndogo ya kupulizia vumbi. Glavu na barakoa kwa kila mtu, na anayeshuka shimoni ni mmoja au wawili tu. Kila mfupa unapimwa pande tatu, unachorwa, unapigwa picha na kipimo na mshale wa kaskazini pembeni yake, kabla haujasogezwa hata milimita. Wewe utakuwa unashika mwamvuli wa kivuli au kuandika namba zinazotajwa. Usione ni kazi ndogo, anayeandika akisikia 47 akaandika 74 mtu amehamishwa kaburini kwake.

Na pengine mifupa haitatolewa udongoni pale pale. Ile ya Mtoto ilianza kuonekana 2013 lakini kaburi lenyewe halikufunuliwa lote mpaka 2017, karibu mita tatu chini ya sakafu ya pango, na ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Wakazungushia plasta bonge zima la udongo, wakalibeba hivyo hivyo mpaka Nairobi, kisha likapelekwa maabara ya Burgos kule Hispania, na huko ndiko walikofukua polepole na kupiga skani wakaona meno yaliyothibitisha ni mtoto wa binadamu kama sisi. Toka mfupa wa kwanza mpaka dunia kusikia ni miaka minane. Kwa hivyo ukienda ukitarajia wiki mbili utarudi na stori kamili, punguza.

Afya kidogo

Ndani ya pango kuna popo na kinyesi chao kina fangasi wa kushambulia mapafu, barakoa haivuliwi hata kama joto linakuua. Mwenye pumu aseme mapema. Angalia nge kabla ya kuweka mkono chini ya jiwe na kung'uta viatu asubuhi. Shimo likipita kiuno usishuke peke yako wala usiketi ukingoni. Maji kunywa kabla ya kiu, na asubuhi kula, mahamri na mbaazi vikuweke mpaka saa sita maana chai ya saa nne si kila kambi ina bajeti yake.

Simu na picha

Uliza utaratibu siku ya kwanza. Kwa kawaida mifupa ya watu haiwekwi mtandaoni mpaka utafiti uchapishwe na wenyeji wakubali, na location inazimwa kwenye simu, kwa sababu kuna watu wanafuatilia post hizo waje usiku na sururu. Selfie na fuvu usithubutu. Piga chekeche, piga wenzako wakicheka, inatosha.

Baada ya msimu

Shimo linafukiwa, tena kwa mkono na beleshi, na mtu atakayekimbia siku ya kufukia haitwi tena. Kisha yanakuja masanduku ya maabara: vigae vinaoshwa na mswaki laini, mifupa haioshwi mpaka mtaalamu aseme, vitu vinakaushwa kivulini si juani. Kikao cha kuwarudishia wanakijiji majibu kikipangwa, nenda, hata kama ni miezi baadaye na nauli ni yako, kwa sababu pale unayejua Kigiriama au Kiswahili cha kawaida ndiye utakayeeleza vizuri kuliko slaidi. Na kabla ya timu kutawanyika omba barua yenye tarehe ulizofanya na kazi ulizofanya, iwe na sahihi na muhuri, maana wakishapanda ndege kumpata mtu wa kukuandikia ni mpaka msimu mwingine.